Amekiri Mwenyewe, Kesi ya Nini?

Boti ya Mwamgongo ilikuwa iondoke saa sita mchana. Saa saba ilikuwa bado imefungwa kamba mwaloni Kibirizi, Kigoma, nahodha akisubiri magunia ya unga ya mtu ambaye simu yake haipatikani. Abiria tulijibana kwenye kivuli cha banda. Mbele yetu akina mama waligeuza dagaa juani, na kila aliyemuuliza nahodha alijibiwa "sasa hivi".

Kijana mmoja wa bodaboda ndiye aliyeanza. Alikuwa anaperuzi simu, akaiangukia habari ya Julai 2024 ya jalala la Kware, Mukuru kwa Njenga, Nairobi. Kwake ilikuwa mpya, akatusomea kwa sauti. Miili ya wanawake imekatwakatwa, imefungwa kwenye mifuko, inaopolewa kwenye shimo la machimbo lililojaa maji na taka. Mtu wa miaka 33, Collins Jumaisi, amekamatwa usiku wa kuamkia tarehe 15 kwenye baa, alikokuwa akitazama fainali ya Euro. Mkuu wa upelelezi wa Kenya anawaambia wanahabari kwamba mtu huyo amekiri kuua wanawake 42 tangu mwaka 2022, wa kwanza akiwa mke wake.

Kijana akaizima simu. "Amekiri mwenyewe. Kesi ya nini tena?"

Yaliyofuata nayaandika kama nilivyoyasikia. Majina siyaweki, kwa kuwa sikuomba ruhusa. Afande ni mzee aliyestaafu upelelezi. Wakili ni dada wa makamo aliyekuwa akienda msibani. Mzee ni mtu wa Ujiji, kofia ya kiua kichwani, karani wa mahakama wa zamani. Mama ni mnunuzi wa dagaa.

AFANDE: Kesi lazima iwepo, kijana wangu, hata kwa aliyekiri. Ila nakuelewa. Watu wa nje wanadhani kila ungamo limetoka kwenye kirungu. Si kweli. Kuna mtu amekaa na maiti moyoni mwaka mzima. Ukimpa kiti na kikombe cha maji, anakueleza yote, analia, halafu anakushukuru. Nimewaona.

WAKILI: Na yule wa Nairobi alishukuru, afande? Kesho yake alifikishwa mahakama ya Makadara, wakili wake akamwambia hakimu kwamba mteja wake aliteswa mpaka akakiri.

AFANDE: Binti yangu, nitajie wakili asiyesema hivyo.

WAKILI: Hapo umenipata. Tunasema hata pasipostahili. Ndiyo maana sisemi tumwamini yule wakili. Nasema maneno yale yalitoka kituoni yakaenda kwenye kamera kabla hayajapita popote pa kupimwa. Sheria ya Kenya inataka ungamo litolewe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha juu ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mtuhumiwa awe na mtu wake pembeni. Mkutano na waandishi wa habari haumo kwenye orodha hiyo.

MZEE: Mimi inanisumbua ile namba. Arobaini na wawili! Miili waliyoiopoa haikufika hata nusu. Na jalala lenyewe halikuwa mbali na kituo cha polisi. Na mwezi uliotangulia vijana walikuwa barabarani kupinga muswada wa fedha, wengine wamepotea, mitaani watu wananong'ona kwamba polisi wenyewe wanajua maiti zinatoka wapi. Katikati ya minong'ono hiyo anapatikana mtu mmoja anayebeba maiti zote, na zaidi ya zote. Sisemi hakuua. Nasema huyo ni mtu aliyepatikana kwa wakati mzuri mno.

Kwa haki, niongeze kwamba hata IPOA, mamlaka ya Kenya inayowachunguza polisi, ilisema wakati ule kuwa inaangalia kama askari walihusika. Shaka ya mzee wa Ujiji haikutoka kwenye kahawa tu.

AFANDE: Haya, tuachane na Nairobi, twende jirani. Septemba 2023, Kigali, wilaya ya Kicukiro. Denis Kazungu, miaka 34, anadaiwa kodi ya nyumba. Wanaingia ndani, jikoni kuna shimo, kwenye shimo kuna watu. Wengi alikuwa akiwapata kwenye baa. Huyu hakusema ameteswa. Alisimama mbele ya hakimu akakubali kuua watu 14, akaomba kesi isikilizwe faragha. Machi 2024 akapewa kifungo cha maisha. Sasa wakili, hilo nalo mtalipinga?

WAKILI: Silipingi. Lakini wewe mwenyewe umeanza na shimo, afande, ungamo ukalileta baadaye. Kazungu angeziba mdomo tangu siku ya kwanza mpaka leo, shimo lingesema.

AFANDE: Ngoja, sijamaliza. Mtu huyo huyo alikuwa amekamatwa mapema mwaka ule kwa tuhuma za unyang'anyi na ubakaji. Wakamwachia. Ushahidi haukutosha. Kila siku mnatuambia fuateni utaratibu, ushahidi kwanza. Haya, wakaufuata. Kuna wasichana wangapi walioingia kwenye ile nyumba baada ya pale?

Hakuna aliyemjibu. Mama mmoja pale mbele aliendelea kuchambua dagaa, akitupa vijiti na kokoto pembeni. Nimeliwaza sana swali la Afande tangu siku ile, na sina jibu la kumpa. Mwenye kuandika juu ya haki za watuhumiwa bila kulikuta swali hilo njiani ameandika nusu.

MAMA: Ninyi mnasema ya Kigali na Nairobi. Huku vijijini mmesahau kamchape?

KIJANA: Wale wa kutoa uchawi, mama?

MAMA: Hao hao. Wakija kijijini kila kaya inachangishwa, wanachimba sakafuni, wanatoa hirizi na pembe, wenye nyumba wanawekwa katikati ya watu. Na wanakiri, mwanangu! Nimemwona bibi mmoja kwa macho yangu haya, anakiri kwamba anasafiri usiku kwa ungo, amemla mjukuu wake. Mjukuu alikufa kwa degedege, sote tunajua. Bibi akataja na wenzake aliokula nao nyama. Wale wenzake wakafuatwa usiku ule ule. Sasa huyo naye amekiri mwenyewe. Kesi ya nini?

Kamchape si jambo la juzi. Wimbi lake liliingia Tanganyika kutoka kusini miaka ya 1930, likapita Ufipa, na Kigoma linarudi kila baada ya kitambo, serikali ikipiga marufuku na wanakijiji wakichanga. Mama aligusa jambo ambalo mimi nalijua kwa ngozi yangu.

Nilikuwa darasa la nne, shule ambayo haina haja ya kutajwa. Ilipotea boksi ya chaki za rangi. Mwalimu alituweka mstari wavulana sita, kila asiyekiri fimbo tatu, kisha mzunguko unaanza upya. Mzunguko wa pili nilikiri. Nilidhani yameisha. Akauliza: umezificha wapi? Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikasema chini ya mwembe, nyuma ya choo. Akauliza: kwenye nini? Nikasema kwenye mfuko wa Rambo. Mweusi? Mweusi. Tukaenda darasa zima, tukachimba. Hapakuwa na kitu, basi nikachapwa kwa wizi na kwa uongo pia. Chaki zilikutwa kabatini wiki iliyofuata. Kinachonishangaza mpaka leo si kwamba nilikiri. Ni ule mfuko. Hakuna aliyenipa mfuko. Niliuunda mwenyewe, na yule mwalimu akanisaidia kuupaka rangi.

Niliwasimulia. Afande alicheka kuliko wote, kisha akaacha kucheka.

WAKILI: Huo mfuko mweusi una ndugu yake Texas. Henry Lee Lucas. Mmemsikia?

KIJANA: Filamu?

WAKILI: Mtu. Alizaliwa Virginia mwaka 1936, nyumba ya pombe na kipigo, jicho moja likapotea angali mtoto. Mwaka 1960 alimuua mama yake mzazi, akafungwa, akatoka 1970. Juni 1983 wakamkamata Texas kwa kosa la silaha. Akakiri kumuua bibi kizee aliyewahi kumfanyia kazi, na binti aliyekuwa akiishi naye, akawapeleka kwenye mabaki. Mpaka hapo sawa, afande?

AFANDE: Sawa kabisa. Amesema, amepeleka, kimepatikana.

WAKILI: Kisha hakunyamaza. Wakawa mia. Wakawa mia mbili. Akafika mia sita. Polisi wa jimbo, wale wanaoitwa Texas Rangers, wakaunda kikosi, na wapelelezi kutoka majimbo mengine wakapanga foleni na mafaili yao ya mauaji yaliyoshindikana. Lucas anawekewa sigara, anapewa maziwa ya stroberi anayoyapenda, anasafirishwa kwa ndege kuonyesha mahali alipoua. Kesi zaidi ya 200 zikafungwa kwa neno lake.

KIJANA: Na yeye alikuwa anapata nini? Si atanyongwa?

MZEE: Alikuwa anapata kesho, mwanangu. Mahabusu anayesema hapelekwi popote. Akimaliza maneno ndipo wanamkumbuka.

WAKILI: Na alikuwa mtu muhimu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mwaka 1985 mwandishi mmoja wa Dallas, Hugh Aynesworth, alichukua kalenda na ramani tu. Akapanga tarehe za mauaji aliyoyakiri, akapima barabara. Ikaonekana Lucas angepaswa kuendesha gari lake bovu maelfu ya maili kwa mwezi, usiku na mchana, bila kulala. Mwaka uliofuata Mwanasheria Mkuu wa Texas, Jim Mattox, akatoa ripoti inayosema hivyo hivyo. Hata hivyo alikuwa ameshahukumiwa mauaji 11, na moja walimpa kifo. Mwanamke asiyejulikana, alikutwa kando ya barabara kuu karibu na mji wa Georgetown, 31 Oktoba 1979, mwilini ana soksi za rangi ya chungwa tu. Walipokosa jina wakamwita Soksi za Chungwa. Kumbukumbu za mishahara zinaonyesha siku zile Lucas alikuwa Florida, anaezeka mapaa.

AFANDE: Na wazee wa baraza wakamtia hatiani?

WAKILI: Kwa ungamo. Mwaka 1998 Gavana, George W. Bush huyu aliyekuja kuwa Rais, alibadilisha adhabu kuwa kifungo cha maisha. Lucas akafa gerezani 2001. Na msidhani ni Texas peke yake. Sweden, mgonjwa wa hospitali ya akili aliyejiita Thomas Quick alikiri watu zaidi ya 30, akatiwa hatiani kwa mauaji manane. Kufika 2013 hukumu zote nane zilikuwa zimefutwa.

AFANDE: Naomba kuuliza jambo moja la kikazi. Huyo Lucas walimwonyesha picha za mahali pa tukio kabla hajaeleza?

WAKILI: Wengi walimwonyesha. Picha na mafaili.

AFANDE: Basi. Hapo mpelelezi ameungama, mtuhumiwa amesaini tu. Sisi tulifundishwa unaficha jambo moja ambalo halijaandikwa popote, hata bosi wako humwambii. Marehemu alikuwa amevaa kiatu kimoja, tuseme. Mtuhumiwa akikutajia kiatu, unaweka kalamu chini unapumua. Asipotaja, endelea kutafuta, hata akililia Mungu kwamba ni yeye.

Hii ndiyo sentensi niliyokwenda nayo nyumbani. Wakili alimtazama Afande kama anayemwona kwa mara ya kwanza, na kwa dakika mbili tatu hawakuwa na la kubishania.

MZEE: Tatizo ni karatasi. Watu wanasema "alikiri" kama kwamba tuliisikia sauti yake. Mimi nimeshika karatasi hizo miaka mingi. Mpaka mwaka 1980 hapa kwetu ungamo mbele ya polisi halikupokelewa mahakamani. Bunge likabadilisha Sheria ya Ushahidi, sasa linapokelewa, mradi upande wa mashtaka uthibitishe alisema kwa hiari, na awe amehojiwa ndani ya zile saa nne tangu kukamatwa, isipokuwa muda umeongezwa. Sawa. Sasa analetwa mtu wa milimani, Muha asiyejua Kiswahili ila cha kununulia chumvi. Unafungua maelezo yake ya onyo unasoma: "Mnamo majira ya saa mbili usiku, nikiwa na akili zangu timamu, nilimshambulia marehemu kwa kutumia kitu chenye ncha kali." Na chini kuna dole gumba.

KIJANA: (anacheka) Hiyo ni polisi inaongea.

MZEE: Polisi inaongea, dole gumba linaitikia. Anapopelekwa kwa mlinzi wa amani ni afadhali kidogo. Nakumbuka hakimu mmoja wa mwanzo, Mungu amrehemu, alikuwa anamtoa askari nje, anafunga mlango mwenyewe. Anamwambia mtuhumiwa: vua shati. Geuka. Anatazama mgongo, mikono, vifundo vya miguu, anaandika alichokiona. Anamuuliza umekula lini. Umelala wapi. Nani kakwambia uje hapa. Anamwambia hulazimiki kusema neno, na ukikataa hurudi kwa wale waliokuleta wakudhuru. Watatu kati ya watano walisema yale yale waliyosema polisi. Wawili walivaa shati wakakaa kimya. Wale wawili ndio sababu ya mlango kufungwa.

AFANDE: Na wale watatu ndio sababu ya sisi kuwepo.

MZEE: Nakubali.

Kuna kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria Afrika Mashariki anaikariri: Tuwamoi dhidi ya Uganda, ya mwaka 1967. Majaji wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki walisema aliyekiri kisha akaruka, na anayesema sikuwahi kukiri kabisa, wote ungamo lao lipokelewe kwa tahadhari. Kwa kawaida mahakama itafute ushahidi mwingine wa kuliunga mkono, ingawa inaweza kutia hatiani bila huo ikiridhika kabisa kwamba ni kweli. Wakili aliieleza vizuri kuliko nilivyoiandika hapa. Kijana akasema inaonekana majaji wamefungua mlango halafu wakaurudishia. Nadhani ameielewa.

KIJANA: Mimi kwa wauaji wa watoto sina subira ya Tuwamoi. Mwananchi akimpata, amalizane naye.

WAKILI: Walimalizana naye. Masten Wanjala, Kenya hiyo hiyo, miaka 20. Julai 2021 alikamatwa, polisi wakasema amekiri kuua watoto zaidi ya kumi na kunywa damu ya baadhi yao. Oktoba akatoroka kituoni Nairobi, siku mbili baadaye wananchi wakamkuta kwao Bungoma wakamuua.

KIJANA: Safi.

MAMA: Safi nini? Mimi mwanangu akipotea, na mtu anasema amewaua kumi na zaidi, nataka aniambie wangu ni yupi. Amevaa nini. Amemlaza wapi. Mmeshamuua, nitamuuliza nani? Utaniletea wewe na pikipiki yako?

Kijana aliinamisha kichwa, akasema samahani mama. Sidhani kama alibadilisha mawazo, ila alinyamaza kwa adabu.

MZEE: Na yule wa kwanza tuliyeanza naye, wa Kware?

WAKILI: Alitoroka. Alfajiri ya 20 Agosti 2024, kituo cha Gigiri, pamoja na mahabusu wengine 12, raia wa Eritrea. Waya wa juu ulikatwa. Askari wa zamu wakasimamishwa kazi.

MZEE: Gigiri kule kwenye balozi? (Anatikisa kichwa.) Basi ile namba imebaki kwa msemaji mmoja tu, kama maneno ya kwetu. Mimi nimezaliwa Ujiji, nyumba yetu si mbali na mahali walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871. Tangu utoto naambiwa maneno aliyosema Stanley siku ile, dunia nzima inayajua. Juzi mgeni mmoja akaniambia Livingstone mwenyewe hakuyaandika popote, na daftari la Stanley kurasa za siku ile zimechanwa. Yeye ndiye msemaji, yeye ndiye shahidi, na karatasi haipo. Nikasema basi, maneno hayo tumeyajengea hata sanamu.

Magunia ya unga yalifika saa nane na robo, juu ya guta, mwenye nayo akidai alikuwepo muda wote. Nahodha akaanza kupiga kelele kana kwamba tumemchelewesha sisi. Tukakunja suruali, tukaingia majini. Afande alishikwa mkono na kijana wa bodaboda, na Mama akapandishiwa ndoo zake mbili.

Kama msimamo wangu una maana kwa msomaji, ni wa Afande, si wa Wakili: sitaki kusikia namba. Polisi wa nchi yoyote akisimama mbele ya kamera na kusema amekiri 42, nitamuuliza habari ya kiatu. Kimoja tu, ambacho hakikuwa kwenye faili. Akiwa nacho, nitamwamini kwa huyo mmoja, kisha nitauliza kiatu cha wa pili. Akiwa hana, kuna mtu bado yuko nje, na familia 42 zimepewa karatasi ya kuzikia.

Tulikuwa tumeshakaa kwenye mbao, mashine ikikohoa, Mama alipomgeukia Wakili.

"Yule wa soksi, alipata jina?"

"Alipata, mama. Mwaka 2019, kwa vipimo vya vinasaba. Alikuwa na miaka 23."

"Na aliyemuua?"

"Walikuwa wamemhukumu Lucas. Hakuna mwingine aliyewahi kuhukumiwa."